Kengele ikinyamaza: nilivyotumwa kumchagulia mama mdogo alamu

Wiki tatu nzima sijaweka kitu hapa, na kuna waliokwishaniandikia kuuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani, mabao yapo palepale. Nilikuwa napanda na kushuka Goba kwa mama mdogo, na leo ndiyo nimepata nafasi ya kuwasimulia. Kaeni mkao wa kula maana ni ndefu, na katikati kuna historia ya kweli, siyo ile ya kukariri usiku wa kuamkia mtihani.

Mama mdogo ni muuguzi. Wiki moja mchana, wiki moja usiku. Akiwa zamu ya usiku, nyumbani wanabaki mdogo wangu wa darasa la sita na dada wa kazi. Basi usiku mmoja wa Alhamisi, wezi wakakata grili ya dirisha la jikoni, wakaingia taratibu kama wenye nyumba. Wakabeba televisheni, mtungi wa gesi, pasi, na hata sufuria lililokuwa na maharage ya kesho. Mbwa alitupiwa nyama, hakubweka hata mara moja. Dada alisikia kila kitu. Alimziba mtoto mdomo, wakaingia chini ya kitanda, wakakaa hapo karibu saa nzima hata baada ya wale jamaa kuondoka. Mama mdogo alipewa taarifa saa kumi na mbili asubuhi akikabidhi zamu.

Televisheni itanunuliwa nyingine. Lakini yule mtoto sasa hataki kulala bila taa kuwaka, na mama mdogo akiwa wodini anapiga simu nyumbani kila saa. Siku ya tatu akaniita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Sikiliza, wewe si ndiye msomi wa familia? Nitafutie ile alamu isiyo na waya. Wanasema unaibandika tu ukutani. Sitaki fundi anichimbie plasta, nyumba nimeimalizia juzi tu."

Nikamwambia mama, mimi nasoma historia, siyo umeme. Akanijibu, "Historia si ndiyo kujua mambo yalivyoanza? Haya, kajue." Jioni simu ikalia, shilingi 450,000 zimeingia. Kwa mtu anayeishi kwa bumu, hizo ni hela zinazotetemesha mkono.

Nikaenda Kariakoo. Muuzaji mmoja, kijana mchangamfu kweli, akanionyesha seti ya shilingi 130,000: boksi kuu lenye sehemu ya kuweka laini ya simu, king'ora, rimoti mbili, na vihisi (wao wanaita sensa, lakini siyo ile ya watu na makazi) vya mlangoni na vya kuona mtu akitembea. "Broo, hii ndiyo yenyewe. Mlango ukiguswa tu, simu yako inaita." Nikaona nianze na hiyo nikaijaribu hosteli kabla sijaipeleka Goba. Ulikuwa uamuzi wa busara, na siyo mara nyingi napata nafasi ya kujisifu hapa.

Tukaifunga chumbani. Mwenzangu akafungua mlango. Mayowe! King'ora kililia mpaka ghorofa nzima wakatoka, wengine na taulo. Tukaomba radhi, tukacheka, tukaona mambo safi. Sijui ni kitu gani kilinituma, nikatoa betri kwenye kihisi cha mlango, nikamwambia jamaa fungua tena. Akafungua. Kimya. Akaufunga, akaufungua mara tano. Kimya. Tukasubiri mpaka asubuhi. Kwenye boksi kuu ile taa ya kijani iliendelea kuwaka, yaani inatuambia kila kitu kipo shwari, wakati kihisi chenyewe kilikuwa kimekufa tangu jana yake.

Nikamfikiria yule mtoto chini ya kitanda, na ile taa ya kijani ikiwaka sebuleni. Duh. Nikaamua kufanya kile kitu pekee ninachokijua, nikaenda maktaba.

Sasa tuanze mwanzo. Tarehe 21 Juni 1853, mtu mmoja aitwaye Augustus Russell Pope wa mji wa Somerville, jirani na Boston kule Marekani, alipewa hataza ya kengele ya kwanza ya umeme ya kuzuia wezi. Pope hakuwa fundi, alikuwa mchungaji wa Kanisa la Waunitaria. Na kumbuka hapo hakuna nyumba yenye umeme duniani. Kituo cha Edison cha Pearl Street, New York, kilikuja kuwasha taa mwaka 1882, miaka karibu thelathini baadaye. Kwa hiyo alamu imetangulia balbu! Umeme wenyewe ulitoka kwenye betri za majimaji zilizokuwa zikihudumia simu za maandishi za zama hizo.

Mfumo wake ulikuwa rahisi. Kwenye mlango na dirisha unaweka vipande vya chuma vinavyogusana mlango ukifunguliwa. Vikigusana, umeme unapita kwenye waya hadi kwenye sumaku, sumaku inavuta nyundo, nyundo inagonga kengele. Mlango ukiwa umefungwa, hakuna umeme unaopita. Waya umelala tu.

Hebu tulieni hapo kidogo, maana ndipo penye kiini cha habari yote hii. Kama waya wa Pope umeguguniwa na panya, kengele hailii. Kama betri imekauka, hailii. Kama mwizi ni mjanja akaukata waya kwanza, hailii. Na mwenye nyumba aliyelala juu hawezi kujua tofauti, kwa sababu usiku wa salama na usiku ambao chombo kimekufa vinasikika sawasawa. Kimya cha mashine yake kilikuwa na maana mbili, na moja kati ya hizo inaweza kukuua.

Pope aliiuza haki yake mwaka 1857 kwa mfanyabiashara aitwaye Edwin Holmes. Holmes akaanza biashara Boston mwaka 1858, na mwaka uliofuata akahamia New York, inasemekana kwa imani kwamba huko ndiko wezi waliko. (Mfanyabiashara wa kweli anafuata soko!) Watu wengi walimwona wa ajabu, maana kitu gani hicho, umeme usioonekana unakimbia kwenye waya kwenda kukuamsha? Ilimbidi afanye kazi kubwa ya kuwaaminisha kwanza.

Lakini akili kubwa ya Holmes, kwa mtazamo wangu, haikuwa kwenye kengele. Ilikuwa kwenye swali la nani anasikiliza. Kengele ya Pope ilimwamsha mwenye nyumba, ambaye ndiye mtu mwenye hofu kuliko wote na pengine hana silaha yoyote zaidi ya mto wa kulalia. Na kama mwenye nyumba amesafiri, kengele inawaamsha panya. Kufikia miaka ya 1870 Holmes alikuwa na kituo ambako nyaya za wateja zilikusanyika pamoja, na watu wa kukaa macho usiku kucha kuzisikiliza. Mwaka 1877 kule Boston mtoto wake, Edwin T. Holmes, alifanya kitu kinachonifurahisha sana. Simu ya Alexander Graham Bell ilikuwa mpya kabisa, na yeye alikuwa tayari na nyaya zilizoingia kwenye mabenki na maduka. Akaziunganisha. Mchana nyaya zinatumika kwa simu, usiku zinarudi kulinda. Ndiyo maana watu wa historia ya mawasiliano wakitaja vituo vya mwanzo kabisa vya kuunganisha simu, wanaitaja ofisi ya alamu za wezi.

Na kwenye vituo hivyo ndipo lile tatizo la kimya lilipopatiwa dawa. Badala ya umeme kupita mlango ukifunguliwa, wakageuza: umeme unapita muda wote, mchana na usiku, na kituoni kuna mshale unaoonyesha kwamba unapita. Mlango ukifunguliwa, mkondo unakatika. Waya ukikatwa, mkondo unakatika. Betri ikifa, vilevile. Lolote likitokea, mshale unaanguka na mtu anainuka kitini. Kwa maneno mengine, waya ukawa unasema "nipo, nipo, nipo" bila kuchoka, na siku usiposema, hiyo ndiyo taarifa. Niliposoma hapo nilipiga meza, mlinzi wa maktaba akanitazama.

Kampuni nyingine ikaja sambamba. Edward Calahan, yuleyule aliyetengeneza mashine ya kuchapa bei za hisa mwaka 1867, alianzisha mwaka 1871 visanduku vya kumwita tarishi au polisi ukiwa nyumbani, na mwaka 1874 ikaundwa American District Telegraph, ndiyo ADT tunayoiona kwenye mabango ya sinema za Kimarekani. Biashara ikanona mpaka ikageuka ukiritimba. Mwaka 1966 Mahakama Kuu ya Marekani iliihukumu kampuni ya Grinnell, iliyozishika ADT na Holmes pamoja, ikionekana kumiliki asilimia 87 ya soko la vituo vya namna hiyo. Sitaingia huko, ila mjue kwamba kinachouzwa hapo siku zote ni masikio ya mtu aliye macho, siyo kengele.

Nikajiuliza, na sisi je? Sisi hatukuwa na Holmes. Lakini Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa na mwano. Mwano ni yowe la hatari: ng'ombe wameibwa, unapigwa, na kila anayeusikia anatakiwa kutoka na kuupeleka mbele hadi kijiji kinachofuata. Sungusungu walipoibuka upande wa Kahama na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, kupambana na wezi wa mifugo, walijenga juu ya utaratibu huohuo, na serikali ikaja kuwatambua kisheria mwaka 1989. Ukilitazama kwa jicho la Holmes, hicho ni kituo cha kusikiliza kisicho na waya wala mshahara. Nguvu yake ni kwamba kusikia na kukaa kimya ni kosa. Udhaifu wake tunaujua wote, umati ukifika kabla ya ukweli, mtu asiye na hatia anaweza kuchomwa moto. Alamu yoyote inayoita watu inabeba na hatari hiyo, na nitairudia mbele.

Sasa kuna mama mmoja ambaye nikimfikiria namwona mama mdogo kabisa. Marie Van Brittan Brown, muuguzi mweusi wa Queens, New York. Mumewe Albert alikuwa fundi wa vyombo vya elektroniki, na saa zao za kazi zilipishana, kwa hiyo usiku mwingi alibaki peke yake kwenye mtaa uliokuwa na uhalifu, na polisi walichelewa kufika wakiitwa. Tarehe 1 Agosti 1966 wakapeleka ombi la hataza, na tarehe 2 Desemba 1969 wakapewa, namba 3,482,037. Mlangoni kulikuwa na matundu manne ya kimo tofauti, kuanzia la mtu mrefu hadi la mtoto, na kamera inayopanda na kushuka kuyafuata. Picha ilisafiri kwa mawimbi ya redio hadi kwenye televisheni chumbani. Kuna kipaza sauti cha kuongea na aliye nje, kitufe cha kufungua mlango ukiwa kitandani, na kingine cha kuita msaada. Haya yote miaka ya sitini! Kengele za mlangoni zenye kamera ambazo leo tunaziona kwenye simu zinatembea katika njia aliyoichora yule muuguzi. Wala hakutajirika nayo. Alifariki mwaka 1999.

Hapo waya ulianza kuondoka. Na sababu ya kuuondoa ni ileile ya mama mdogo: plasta. Kuvuta waya kwenye nyumba iliyokwisha ni kazi, ni vumbi, ni gharama, na kama umepanga, mwenye nyumba hatakuruhusu. Huko Boston, mji uleule wa Holmes, mwanafunzi wa biashara aitwaye Chad Laurans na mkewe Eleanor walianzisha SimpliSafe mwaka 2006 baada ya rafiki zao kuvunjiwa, wakagundua wapangaji hawana alamu ya kununua. Wakauza boksi unalolifunga mwenyewe bila fundi. Biashara ikakubali.

Lakini tazama kilichopotea. Kihisi kisicho na waya kinaishi kwa betri ndogo, kwa hiyo hakiwezi kupiga kelele "nipo, nipo" muda wote, betri ingeisha kwa siku chache. Kinalala. Mlango ukifunguliwa, sumaku inasogea mbali na ile swichi ya kioo (vibati viwili vyembamba ndani ya kichupa, ilibuniwa kwenye maabara za Bell mwaka 1936), kihisi kinaamka, kinarusha neno moja hewani, kinalala tena. Kwenye seti za bei nafuu kinarusha tu, hakina hata sikio la kujua kama ujumbe umefika. Boksi kuu nalo linasubiri. Likisikia neno, linalia. Lisiposikia, linaamini ni salama. Wadau, hiyo ni mashine ya mchungaji Pope! Karne moja na nusu, mkondo ukageuzwa, vituo vikajengwa, halafu tumeutoa waya na kurudi mwaka 1853, taa ya kijani juu yake.

Dawa ipo, na ndiyo inayotofautisha seti na seti. Kwenye mifumo iliyo makini, kila kihisi huamka chenyewe kila baada ya muda fulani, dakika kadhaa au saa kadhaa kutegemea aina, na kusema "nipo, betri yangu ina kiasi hiki, mlango umefungwa". Kisiposikika, boksi kuu linalalamika. Siyo mshale wa Holmes wa kila sekunde, lakini ni ndugu yake. Muuzaji ukimuuliza kama ipo, atasema ipo. Usimuulize. Toa betri, kaa chini, subiri.

La pili ni lile neno lenyewe linalorushwa hewani. Seti nyingi za bei ya chini hutumia masafa ya megahezi 433, na kila kihisi kina namba yake moja isiyobadilika maisha yote. Rimoti pia. Yaani mtu akiwa nje ya ukuta na kifaa kidogo cha kunasa mawimbi siku unayozima alamu kwa rimoti, ameshapata ufunguo wako. Kesho anaurusha, alamu inazimika kwa adabu zote. Dawa ya hili ilitoka Afrika, na hapa naomba tujivune kidogo. Miaka ya 1980 kampuni ya Nanoteq ya Afrika Kusini ilitengeneza KeeLoq, utaratibu wa namba inayobadilika kila unapobonyeza, hivyo namba ya jana ni takataka. Mwaka 1995 Wamarekani wa Microchip wakainunua kwa zaidi ya dola milioni 10, na ikaingia kwenye mageti na magari dunia nzima. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bochum, Ujerumani, walionyesha jinsi ya kuivunja. Kwa hiyo siyo kinga ya milele, lakini kati yake na namba isiyobadilika ni mbingu na ardhi.

Na msidhani ni vya Kariakoo tu vyenye kasoro. Mwaka 2014 mtafiti Logan Lamb alionyesha kwamba alamu za kampuni kubwa za Marekani zilirusha ishara bila kuzificha, na mtu aliye mbali angeweza kuzizima au kuziliza apendavyo. Mwaka 2016 Andrew Zonenberg akaonyesha kwamba ile SimpliSafe ya mwanzo ilikubali ishara iliyonaswa na kurushwa tena, na mbaya zaidi vifaa vilivyokuwa majumbani havikuweza kurekebishwa kwa kupakia programu mpya. Kizazi kipya chao kilitoka mwaka 2018. Kuna na ujanja mwingine usiohitaji elimu, kurusha kelele tu kwenye masafa yale ili kihisi kisisikike. Boksi zuri linatambua hewa imechafuliwa na linatoa taarifa. Bovu linaona kimya, na kimya kwake ni amani. Mnaona tunarudi palepale?

Nikiwa na hayo kichwani, kumbe uchaguzi ukawa mwepesi. Ile seti ya kwanza nilimrudishia muuzaji, akakubali kunibadilishia kwa kuongeza hela, baada ya maneno mengi na soda moja. Seti ya pili ilinigharimu 310,000 jumla. Nilikaa nayo hosteli siku nne kabla ya kuipeleka. Nikatoa betri ya kihisi saa mbili usiku, saa tatu na dakika chache boksi likanitumia ujumbe kwamba kihisi kimepotea. Nilifurahi kuliko siku ya matokeo. Nikachomoa umeme ukutani, ikaendelea usiku mzima kwa betri yake ya ndani, maana umeme kukatika Goba siyo habari ya kushangaza mtu.

Laini ya simu nayo ina historia yake. Kule Marekani mtandao wa simu wa zamani wa analogia ulizimwa tarehe 18 Februari 2008, na alamu zilizoutegemea ikabidi zibadilishwe. AT&T ilipozima 3G mwaka 2022, yakarudi yaleyale. Kwa hiyo boksi la 2G peke yake ni kununua kitu ambacho siku zake zinahesabika, nikachukua la 4G. Na laini inataka salio, isipotumika muda mrefu inafungwa. Nimemwekea mama mdogo kumbusho kwenye simu yake, kila tarehe ya kwanza.

Kuhusu vile vihisi vya kuona mtu, vinaangalia joto. Mwili wako unatoa mionzi isiyoonekana, na kioo chake cha plastiki chenye mistari kinaigawa sebule vipande vipande, joto likikatiza kutoka kipande hadi kipande kinashtuka. Kwa hiyo kinamnasa vizuri anayekatiza mbele yake kuliko anayekijia usoni. Ila Dar es Salaam mwezi wa pili, chini ya bati bila dari, chumba kinakaribia joto la mwili na kihisi kinaanza kuona kama mtu wa ukungu. Kwa hiyo nilikiweka kolido, penye ubaridi na ambako lazima upite kwa kukatiza. Dirisha la jikoni, lile la wezi, sikutaka kuliachia betri kabisa. Boksi lilikuwa na nafasi mbili za waya, na jikoni ni ukuta wa pili tu kutoka hapo. Nikamwomba mama mdogo ruhusa ya tundu moja la kupitisha waya. Moja tu. Akalikubali kwa shingo upande. Mkondo unapita hapo muda wote, kama kituoni kwa Holmes.

Likabaki swali la nani anakuja. Kampuni zenye gari la askari zinataka ada kila mwezi, na mama mdogo hawezi. Boksi linapiga namba tano kwa zamu. Kama ya kwanza ni ya mama mdogo akiwa wodini amevaa glavu, hiyo ni kengele ya kuamsha panya. Basi tukaenda jioni moja kwa mjumbe wa shina, mzee mmoja mtaratibu, tukamweleza. Akatuita majirani wawili, mama wa duka na kijana wa bodaboda anayelala nyumba ya tatu. Tukapatana: simu ikiita, wanatoka wote, taa zinawashwa, mjumbe anapiga filimbi, na hakuna anayemgusa mtu kabla mjumbe hajafika. Hilo la mwisho mjumbe alilirudia mara mbili akimtazama yule kijana.

Tukafanya jaribio Jumamosi. Mama wa duka alifika wa kwanza, na mwiko mkononi. Mjumbe wa pili. Bodaboda alikuja na panga, akaulizwa na mjumbe hilo la nini, akasema la kukatia nyasi. Saa tatu usiku! Mdogo wangu alicheka mpaka akalala chini. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu ule usiku.

Juzi Jumanne, mama mdogo yuko zamu ya usiku, saa nne kasoro akanipigia sauti inatetemeka. Ameletewa ujumbe, kihisi namba 3 hakisikiki. Nikampigia dada, nikamwambia usifungue mlango, washa taa zote, angalia kile cha mlango wa nyuma kama kipo. Hakipo! Moyo ukanipasuka. Nikasikia anasogeza vitu, halafu kimya, halafu kicheko. Gundi ilikuwa imelegea kwa joto, kihisi kimeanguka nyuma ya friji, na mabati ya friji yamekiziba. Mlango umefungwa, komeo lipo, mtoto amelala.

Amelala na taa, lakini amelala. Jumamosi napanda Goba na skrubu mbili na bisibisi ya kuazima. Mtihani wa kwanza ni Jumatatu, niombeeni.